Kasoro za Kurithi kwa Bata na Uchaguzi wa Mbegu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu bata wa aina mbili. Wa kwanza ni bata wa kawaida: Pekin, Khaki Campbell, Runner na wa kienyeji wanaofanana nao. Wa pili ni Muscovy, yule mzito mwenye nyama nyekundu usoni ambaye amejaa vijijini na mitaani. Wanapotofautiana tumesema, pengine pote jibu ni la wote.

## Mambo ya msingi

Nitajuaje kama kasoro ni ya kurithi au imeletwa na malezi?

Kwa kumtazama kifaranga mmoja, hutajua. Mguu uliopinda kwa kukosa vitamini na uliopinda kwa damu, yaani kwa kurithi, huweza kufanana kabisa. Kinachosema ukweli ni nani ameathirika na nani amepona.

Kama vifaranga wa mama tofauti na baba tofauti wameathirika pamoja, lawama iende kwanza kwenye chakula, sakafu au mashine ya kutotolesha. Kama ni watoto wa jozi moja tu, na wenzao waliokula sahani moja nao ni wazima, hapo damu inashukiwa. Angalia pia umri. Kasoro aliyotoka nayo kwenye yai inaweza kuwa ya kurithi, ya joto baya la mashine, au ya mama aliyetaga akiwa amepungukiwa madini. Inayoanza wiki ya pili au ya tatu mara nyingi ni ya chakula au sakafu, ingawa mgongo na mkia uliopinda huweza kujificha hadi bata akue.

Ukiwa na shaka, rudia. Chukua mayai ya jozi ileile, nusu yaatamiwe na bata au kuku, nusu yaende kwenye mashine. Kasoro ikitokea upande wa mashine tu, wazazi hawana kesi. Mashine yenye feni inatakiwa kukaa nyuzi 37.5, unyevu karibu asilimia 55, kisha asilimia 65 hadi 75 siku 3 za mwisho. Bata wa kawaida hutotoa siku ya 28, Muscovy siku ya 35 au pungufu kidogo.

Wazazi wote wawili ni wazima. Kasoro imetoka wapi?

Kasoro nyingi za kurithi hufichika. Bata hupokea nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu huonekana mzima, tunamwita mbebaji. Wabebaji wawili wakipandana, kwa wastani mtoto 1 kati ya 4 hupata nakala mbovu mbili, na ndipo kasoro inajitokeza.

Kwa hiyo kifaranga mmoja mwenye kasoro ya aina hii anawataja wazazi wote wawili. Watu wengi humwondoa dume peke yake na kumbakiza jike, au kinyume chake. Ndugu zake wazima nao si salama kama wanavyoonekana: 2 kati ya kila 3 ni wabebaji.

Kifaranga mmoja kati ya kumi na wawili ametoka na kasoro. Niwaondoe wazazi?

Bado. Andika, kisha tamisha tena jozi ileile baada ya kuhakikisha chakula cha wazazi kina premiksi ya madini na vitamini. Kasoro ileile ikirudi kwa jozi ileile, itenganishe na usitumie watoto wao kama mbegu, yaani wazazi wa kizazi kijacho.

Kuondoa kwenye mbegu si kuchinja. Jike mbebaji anaweza kuendelea kutaga mayai ya kula miaka yote. Asiwekwe tu na dume wakati unakusanya mayai ya kutotolesha.

## Mabawa

Ncha ya bawa imegeukia nje kama imevunjika. Ni nini?

Haijavunjika. Hutokea zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 6, pale manyoya ya kurukia yanapochipua yakiwa bado yamejaa damu. Yakikua haraka kuliko kiungo cha mwisho cha bawa, uzito wake hukizungusha kiungo, manyoya yakasimama nje. Linaweza kuwa bawa moja au yote mawili.

Sababu ya kawaida ni chakula kizito mno: kifaranga anaendelea kulishwa chakula cha kuanzia cha broila baada ya wiki ya 3, amefungiwa, hatembei, hapati majani. Wiki 2 za kwanza protini ya asilimia 20 hadi 22 inafaa. Baada ya hapo shuka hadi 16 hivi, ongeza mchicha, majani ya viazi au azola (mmea mdogo unaoelea majini), na umtoe nje atembee. Upungufu wa manganizi na vitamini D na E nao unatajwa, na ipo mielekeo ya kifamilia: koo fulani hugeuka mabawa kwa chakula ambacho wengine hawadhuriki nacho.

Nalirudishaje?

Ukiwahi, linarudi. Kunja bawa kama anavyolikunja mwenyewe akipumzika, manyoya yakae kwa mpangilio wake. Zungusha kitambaa laini chenye upana wa sentimita 3 au 4, au bendeji inayojishika yenyewe, kwenye bawa peke yake. Usimfunge kifua, bata hupumua kwa kupanua kifua na ukimbana atakufa. Acha siku 3 au 4, fungua, mwache anyooshe bawa kwa saa kadhaa, kisha ufunge tena kama bado halijakaa. Punguza protini siku hiyohiyo, la sivyo unafunga bure. Baada ya manyoya kukomaa na mfupa kukauka, kufunga hakusaidii. Bata huyo ataishi vizuri tu, maana bata mzito haruki hata akiwa na mabawa kamili.

Limepona. Naweza kumweka awe wa mbegu?

Hapana, kama ndugu zake waliolelewa naye wana mabawa yaliyonyooka. Kufunga kumenyoosha manyoya, damu imebaki ilivyokuwa. Kama karibu kundi zima liligeuka mabawa, chakula ndicho kilichokosea na huwezi kumhukumu yeyote kwa haki. Hapo chagua wale ambao mabawa hayakugeuka hata kwa chakula kile kibaya. Hao ndio wenye mwili mgumu.

## Miguu

Vifaranga wana miguu iliyopinda na vifundo vimevimba. Ni ukoo mbaya?

Mara nyingi ni njaa ya niasini, yaani vitamini B3, kwa sababu bata wamelishwa chakula cha kuku. Kifaranga wa bata anahitaji karibu miligramu 55 za niasini kwa kila kilo ya chakula, na chakula cha vifaranga wa kuku mara nyingi hakifiki hapo. Dalili huanza wiki za mwanzo: anakaa sana, anatembelea vifundo, miguu inafanya upinde. Pumba za mahindi hazimwokoi, kwa kuwa niasini ya mahindi imefungika na mwili hauwezi kuichukua vizuri. Dagaa, mashudu ya karanga na hamira ya bia iliyokaushwa ndivyo vinavyosaidia. Hamira ya mkate iliyo hai usiimwage kavu kwenye chakula, itaumuka tumboni.

Dawa ya haraka ni niasini ya kawaida ya duka la dawa, iliyosagwa, miligramu 100 hadi 150 kwa kila lita 4 za maji ya kunywa, ikibadilishwa kila siku. Vidonge vinavyoyeyuka polepole havifai. Walio wepesi huanza kusimama ndani ya siku chache. Endelea hadi wiki ya 8 au 10. Mfupa uliokwisha kukaukia kwenye upinde hautanyooka.

Waliopona bila alama wanaweza kuwa mbegu. Waliobaki na upinde tunashauri uwaache, hata kama kosa lilikuwa la chakula: Muscovy dume hufika kilo 4 au zaidi, na dume mwenye miguu mibaya hapandi vizuri.

Kifaranga anapasua miguu, mmoja kulia mwingine kushoto.

Sakafu. Gazeti na plastiki ni adui wa kifaranga wa siku ya kwanza; tandika gunia au mkeka wa mpira wenye mikwaruzo. Mfunge miguu kwa ukanda mlaini wa plasta wenye upana wa sentimita 1, ukiacha kati ya miguu nafasi sawa na upana wa nyonga zake. Siku 2 hadi 4 zinatosha. Asiogelee akiwa amefungwa. Haihusiani na kurithi.

Mguu mmoja umelala pembeni na kifundo kimekuwa bapa.

Kano ya nyuma imeruka kutoka kwenye mfereji wake. Papasa: utaihisi ubavuni mwa kifundo badala ya nyuma. Ikiwa ni ya siku hiyohiyo, nyoosha mguu nyuma taratibu, isukume kano kwa kidole gumba, kisha kunja mguu na uufunge ukiwa umekunjwa nusu. Ikikaa siku kadhaa hairudi. Upungufu wa manganizi na kolini ndio chanzo kinachojulikana zaidi. Ikitokea kwa jozi moja kila msimu huku wengine wakipona, ichukulie kama ya kurithi.

Wengi wanayumba na miguu imekuwa ya zambarau. Ni kasoro?

Ni sumu. Vifaranga wa bata ni miongoni mwa wanyama wa kufugwa wanaodhurika upesi zaidi na sumukuvu. Kiasi ambacho kuku anakivumilia kinawaua. Acha mara moja pumba au mahindi hayo, hata kama ukungu hauonekani kwa macho, na usitoe uamuzi wowote wa mbegu kutokana na kundi hilo.

## Shingo, mdomo na mgongo

Shingo imepinda au kichwa kinarudi mgongoni.

Kabla ya kusema ni ulemavu, ondoa magonjwa. Vifaranga wa chini ya wiki 6 wanaokufa kwa haraka vichwa vikiwa vimerudi nyuma wanaweza kuwa na homa ya ini ya virusi: ita daktari wa mifugo. Shingo iliyolegea kama kamba, kwa bata wakubwa waliokuwa kwenye maji yaliyotuama yenye mizoga, ni sumu ya botulizimu. Kifaranga mmoja aliyejipinda lakini anakula huenda amepungukiwa vitamini E na selenia, au ameumia. Mpe vitamini E pamoja na chakula chenye premiksi, na umnyweshe kwa mkono. Aliyetoka hivyo kwenye yai na haponi asiwe mbegu.

Mdomo wa juu na wa chini havikutani.

Kasoro hii huzidi kadiri anavyokua. Ataishi ukimpa chakula kilicholoweshwa kwenye chombo chenye kina cha kutosha azamishe mdomo. Asizae. Mmoja tu anaweza kuwa ajali ya mashine. Wawili kutoka jozi ileile wanatosha kuivunja jozi.

Vidomo vifupi vilivyopinda kama vya kasuku pamoja na miguu mifupi, kwa vifaranga wengi waliofia kwenye mayai, ni habari nyingine: majike yamekosa manganizi.

Kibiongo, au mkia umeelekea upande?

Usimweke. Mpapase uti wa mgongo akiwa na wiki 8 na tena akikomaa, kwa kuwa manyoya huficha mengi.

## Bata wa kishungi

Nikipandisha bata wa kishungi kwa wa kishungi nitapata vishungi vingi zaidi?

Hutapata. Jeni ya kishungi, yaani rundo la manyoya kichwani, hujitokeza hata ikiwa nakala moja, na nakala mbili huua kifaranga ndani ya yai. Hakuna bata hai mwenye nakala mbili, kwa hiyo kila kishungi unachokiona ni cha nakala moja. Hesabu yake kwa mayai 12 yenye mbegu ni hii:

- Kishungi kwa kishungi: 3 hufia ndani, 6 huwa na kishungi, 3 hawana.
- Kishungi kwa kichwa cha kawaida: 6 wana kishungi, 6 hawana, hakuna anayekufa kwa sababu hii.

Vishungi ni 6 kwa 6. Tofauti ni mayai 3 uliyoyatupa. Namba hizi ni wastani. Tamio moja linaweza kukupa 8 au 4.

Kishungi kina madhara kwa bata mwenyewe?

Kwa baadhi yao, ndiyo. Chini ya manyoya kuna donge la mafuta, mara nyingi juu ya tundu la fuvu, na kwa wengine mafuta hukua hadi ndani na kuukandamiza ubongo. Hao huyumba, huanguka chali wasiweze kuinuka, au hupata degedege. Ukitaka kuendeleza kishungi, tumia wanaotembea na kuogelea sawasawa, wenye kishungi kilichokaa katikati, na usubiri watimize mwaka. Mwenye kuyumba hata mara moja asizae. Watenge pia na madume wakorofi, maana dume humshika jike kichwani anapompanda na fuvu hilo ni dhaifu.

Wanaowauza hawa kwa bei kubwa sokoni ni nadra kueleza lolote kati ya haya.

## Kupandisha na damu moja

Nina dume mmoja na majike 5. Nitaharibu ukoo?

Kwa mayai, uwiano huo ni mzuri. Kwa damu, ni mbaya ukiendelea kujichagulia wa mbegu humohumo. Gawa 1 kwa mara nane ya idadi ya madume, gawa 1 kwa mara nane ya idadi ya majike, jumlisha. Dume 1 na majike 5 hutoa asilimia 12.5 na 2.5, jumla 15: ndicho kiwango cha damu moja, yaani cha kupandana ndugu kwa ndugu, kinachoongezeka kila kizazi. Ukiongeza majike hadi 20 kwa dume yuleyule, unashuka hadi 13 tu. Ukiwa na madume 4 na majike 20 unafika 3.75. Kinachookoa ukoo ni idadi ya madume.

Kwa kulinganisha, baba kwa binti ni asilimia 25, ndugu wa baba na mama mmoja 25, ndugu wa mzazi mmoja 12.5, mabinamu 6.25. Madhara hayaanzi na vilema. Yanaanza na mayai matupu, vifaranga kufia kwenye maganda na walio hai kudumaa, na mfugaji hulaumu mashine.

Nizungusheje madume bila kununua wapya kila mwaka?

Tumia mabanda matatu, au majirani watatu wenye neno lao. Majike hubaki kwenye banda la mama yao. Madume vijana wa banda la kwanza huenda la pili, wa la pili huenda la tatu, wa la tatu huja la kwanza. Mwelekeo haubadilishwi kamwe. Hakikisheni kwanza kwamba nyote hamkuanza na bata wa mtu mmoja. Jambo hilo ndilo linaloshinda mpango huu mara nyingi.

Nimebadilisha dume. Mayai ya lini ni ya dume mpya?

Subiri wiki 3. Jike huhifadhi mbegu za dume wa zamani mwilini kwa zaidi ya wiki moja, hata mbili.

Nitajuaje kifaranga ni wa mama yupi?

Bata wengi wa kawaida hutaga kabla ya saa 3 asubuhi. Laza kila jike wa mbegu kwenye kizimba chake, mfungue baada ya kutaga, na uandike kwa penseli kwenye yai: alama ya mama na tarehe. Siku 3 za mwisho, tenga mayai ya kila mama kwa wavu ndani ya mashine.

Vifaranga wakikauka, watoboe utando wa vidole kwa kitobozi kidogo kilichosafishwa kwa spiriti. Kila mguu una tando mbili, kwa hiyo miguu miwili inakupa tando nne na alama 16 tofauti, ukihesabu na asiyetobolewa. Kagua baada ya wiki 2; tundu dogo huziba. Pete za plastiki ni rahisi kuziona lakini hubana mguu unaokua, hivyo zibadilishe mapema.

Nina dume mzuri lakini nduguye alikuwa na kasoro. Namjaribuje?

Mpandishe kwa jike mwenye kasoro hiyohiyo, kama yupo na anaweza kuzaa bila mateso. Vifaranga 7 mfululizo wasio na kasoro hubakiza uwezekano wa chini ya asilimia 1 kwamba mbebaji angekupa matokeo hayo. Kama jike ni mbebaji anayejulikana, yaani mama aliyewahi kuzaa mwenye kasoro, unahitaji vifaranga 16 wazima.

Njia ya tatu ni kumpandisha kwa binti zake 8 na kutoa vifaranga 8 kwa kila mmoja. Ni kazi ndefu, vifaranga 64, lakini humpima kwa kasoro zote alizoficha, hata ambazo hukuzifikiria. Watoto wa jaribio, wa njia yoyote, wasiwe mbegu.

Kasoro inatokea kwa majike tu.

Mtazame baba. Kwa ndege, dume ana kromosomu (kifurushi cha jeni) Z mbili na jike ana moja tu, anayoipata kwa baba. Jeni mbovu iliyo kwenye Z hufichika kwa dume na kujitokeza kwa nusu ya binti zake. Mama hahusiki.

## Maswali ya pembeni

Bata niliowapata kwa Muscovy na Pekin hawazai. Ni ugonjwa?

Hapana. Hao ni jamii mbili tofauti na watoto wao ni tasa. Ni bata wa nyama. Wauze kwa jina hilo.

Bata wangu wa rangi wametoa vifaranga wa njano kabisa.

Kwa bata wa kawaida, weupe wa manyoya hufichika kama tulivyoeleza kwenye swali la wazazi wazima. Si kasoro. Wakitokea ghafla kwenye kundi lililofungwa miaka mingi, lakini, ujue madume na majike wako wameanza kuwa ndugu.

Nyama na mayai ya bata mwenye kasoro yanalika?

Yanalika, mradi hana ugonjwa na muda wa kusubiri wa dawa yoyote aliyopewa umekwisha. Ukimuuza akiwa hai, mwambie mnunuzi ni wa kuchinja.

Kifaranga ametoboa yai na ameshindwa kutoka. Nimsaidie?

Bata huweza kuchukua saa 24 hadi 48 tangu atoboe ganda, kwa hiyo wengi wanaosaidiwa walikuwa bado wanafyonza kiini na damu. Pandisha unyevu, subiri. Ukiona utando umekauka na kuwa kahawia, banja ganda kidogo kuzunguka tundu na uloweshe utando kwa maji ya uvuguvugu. Damu ikionekana, acha, mrudishe, jaribu tena baada ya saa 6.

Mwekee alama aliyesaidiwa. Akikua vizuri, mchinje kwa nyama au mweke kwa mayai ya kula. Mayai ya mama mmoja yakihitaji msaada tamio baada ya tamio, huku ya majike wengine kwenye mashine ileile yanatotoa yenyewe, mwondoe mama huyo kwenye mbegu pamoja na binti zake.